Kituo cha Data Kikija Kijijini: Karatasi Kwanza, Maandamano Baadaye

Swali hili sasa linarudi kila mara, na huja kwa maneno yaleyale: tumesikia kampuni kubwa imekuja kupima ardhi huku kwetu, inataka kujenga kituo cha data, na wengi wetu hatukitaki, tuanzie wapi? Miaka michache iliyopita lilikuwa swali la wakazi wa Virginia na Arizona. Kisha Mei 2024, Rais William Ruto akiwa ziarani Washington, kampuni ya Microsoft na G42 ya Umoja wa Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 nchini Kenya, kiini chake kikiwa kituo cha data huko Olkaria, kaunti ya Nakuru, kinachotumia umeme wa mvuke: megawati 100 kwa kuanzia, na nafasi ya kupanuliwa hadi megawati 1,000. Mwaka 2025 kilele cha matumizi ya umeme ya Kenya nzima kilivuka megawati 2,300. Kituo kimoja, kikifikia ukubwa huo, kingemeza zaidi ya theluthi moja ya umeme ambao nchi nzima huutumia jioni, saa ambayo kila nyumba imewasha taa. Mpango huo ujengwe au usijengwe, umetuonyesha kimo cha mambo yanayokuja.

Jibu langu ni hili, na ushauri wote unaofuata unatoka humo: mradi wa aina hii huangushwa na hesabu iliyofichwa ikitolewa nje, na utaratibu uliovunjwa ukithibitishwa. Umati una kazi yake, lakini umati usio na karatasi hutawanyika jua likizama, na mradi unabaki palepale. Kwa hiyo kabla ya mabango na vuvuzela, tafuteni karatasi.

Hesabu tano za kudai

Kituo cha data ni majengo makubwa yaliyojaa kompyuta zinazofanya kazi usiku na mchana. Kompyuta hutoa joto, na joto lisipoondolewa zinaharibika. Jirani wa kituo basi anaishi na yale yanayotokana na kupoza: maji yanayogeuzwa mvuke, feni kubwa zinazonguruma, umeme mwingi, na safu za jenereta za dizeli zinazosubiri siku umeme ukikatika. Yote haya yanapimika, na kinachopimika kinaandikika. Daini yaandikwe:

- Maji: kiwango cha juu kabisa kitakachochotwa katika siku ya joto kali, na chanzo chake, kama ni kisima, mto, ziwa au bomba la kaunti. Msikubali "wastani wa mwaka". Wastani huficha miezi ya kiangazi, na kiangazi ndicho kinachoua ng'ombe.
- Umeme: megawati za awamu ya kwanza na za awamu ya mwisho, na nguzo za nyaya zitapita katika mashamba ya nani.
- Jenereta: ni ngapi, mafuta yatahifadhiwa wapi, na zitawashwa kwa majaribio mara ngapi kwa mwezi.
- Ardhi: ekari zote, pamoja na zile zilizoandikwa "upanuzi wa baadaye".
- Ajira: zitakazobaki baada ya ujenzi, kwa idadi na kwa aina ya kazi.

Hesabu ya maji ndiyo ninayoitanguliza, kwa sababu hufichwa kuliko zote, na mwanakijiji anayeteka maji kwa mtungi huielewa upesi kuliko mtaalamu. Ripoti husema "lita kwa sekunde". Masikioni mwa watu mkutanoni, lita 1 kwa sekunde inasikika kama bomba dogo. Pigeni hesabu mbele yao: lita 1 kwa sekunde ni lita 86,400 kwa siku, yaani mitungi 4,320 ya lita 20. Huko Cerrillos, pembeni mwa Santiago, mji mkuu wa Chile, mradi wa Google ulikuwa umeruhusiwa kuchota hadi lita 169 kwa sekunde kutoka chini ya ardhi. Hiyo ni mitungi zaidi ya 730,000 kila siku, katika nchi iliyokuwa imeandamwa na ukame kwa zaidi ya miaka kumi. Wakazi waliishika namba hiyo, wakaielezea nyumba kwa nyumba, wakaipeleka mbele ya mamlaka. Februari 2024 mahakama ya mazingira ilibatilisha sehemu ya kibali na kutaka athari za mabadiliko ya tabianchi kwa maji yale zipimwe upya. Septemba mwaka huohuo Google ikatangaza kwamba itaanza utaratibu upya, safari hii kwa mfumo wa kupoza kwa hewa.

Namba za namna hii hazitoki kwa hiari. Katika mji wa The Dalles, Oregon, wenye watu wapatao 16,000, gazeti la The Oregonian lilipoomba takwimu za maji yanayotumiwa na vituo vya Google, utawala wa mji wenyewe ulikwenda mahakamani kuzizuia, ukisema ni siri ya biashara. Kesi ilipokwisha Desemba 2022 na takwimu kutolewa, ikajulikana kwamba mwaka 2021 vituo hivyo vilitumia galoni milioni 355, sawa na lita bilioni 1.3, zaidi ya robo ya maji yote ya mji. Uruguay nako ilibidi mahakama iamuru wizara itoe hesabu ya mradi wa Google, na ndipo watu wakasikia juu ya lita milioni 7.6 kwa siku. Baadaye mradi ulibadilishwa uwe wa kupoza kwa hewa. Chile na Uruguay, hesabu ilipofika mezani, mradi ulibadilishwa. Ndiyo maana mtu akiwaambia "hiyo ni siri ya kampuni", msikasirike na msikate tamaa. Andikeni barua.

Barua yenye mhuri

Nchini Kenya haki hiyo iko katika kifungu cha 35 cha Katiba na katika Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Maombi yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Sheria yenyewe inasema hivyo, kwa hiyo mtu asiwaambie mtafute kwanza mwenye Kiingereza. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Ikikaa kimya au ikikataa, lalamikeni kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo wengi huijua kama ofisi ya Ombudsman.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni barua moja ndefu ya malalamiko, iliyotumwa kwa ofisi saba kwa wakati mmoja, ikianza na historia ya ukoloni na kumalizia na maji. Barua hiyo hakuna anayeijibu, kwa sababu hakuna anayeona swali lake. Kila ofisi ipewe barua yake, fupi, yenye jambo moja:

- NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira: kama kuna ripoti ya tathmini ya athari za mazingira iliyowasilishwa, nakala yake, na siku ya mwisho ya kupokea maoni.
- Mamlaka ya Rasilimali za Maji: kama kuna ombi la kibali cha kuchimba kisima au kuchota maji, na la kiasi gani.
- Serikali ya kaunti, idara ya ardhi na mipango: kama matumizi ya ardhi hiyo yameombwa yabadilishwe, na makubaliano yoyote yaliyotiwa sahihi na kampuni.
- Shirika la umeme linalohusika: njia ya nyaya na mahali pa kituo cha kupozea umeme.

Chapisheni nakala mbili. Moja mnaiacha ofisini. Ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha mrudi nayo. Mhuri ule mdogo wa wino, wenye tarehe katikati, ndio utakaosimama mbele ya jaji miaka miwili baadaye kuonyesha kwamba mliuliza mapema na hamkujibiwa. Simu kwa mheshimiwa haina mhuri. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hoja nayo ni vivyo hivyo.

Karatasi ya mahudhurio

Hapa ndipo jamii nyingi hupoteza kesi bila kujua. Itazameni karatasi hiyo kwa makini. Huja juu ya ubao mdogo, kalamu imefungwa kwa uzi, ina safu za jina, nambari ya kitambulisho, simu na sahihi. Juu yake mara nyingi pameandikwa "mkutano wa wadau" tu, au hapana neno lolote. Hupitishwa wakati soda zinagawiwa, au karibu na meza ya nauli. Mama aliyekuja kusikiliza anaandika jina lake kama anavyoandika katika kila baraza la chifu, anairudisha, anaendelea na soda yake. Miezi michache baadaye karatasi ileile inatokea nyuma ya ripoti kama kiambatisho, na ripoti inasema jamii ilishirikishwa, tazama sahihi.

Dawa yake haihitaji wakili. Kabla ya kusaini, soma kichwa cha karatasi. Kama hakuna kichwa, usisaini mpaka kiandikwe. Kando ya jina lako andika: "Nimehudhuria, sijakubali." Mkutano mzima ukifanya hivyo, karatasi hiyo inageuka kuwa ushahidi wenu. Mpiganie pia lugha. Watu wa Kimaasai waliohamishwa Olkaria kupisha upanuzi wa umeme wa mvuke walipopeleka malalamiko Benki ya Dunia mwaka 2014, moja ya kasoro zilizochunguzwa ilikuwa mashauriano yaliyofanywa bila lugha ya Maa kupewa nafasi yake. Mwekeni katibu wenu wenyewe, aandike kumbukumbu za mkutano siku hiyohiyo: nani alizungumza, aliahidi nini, nani aliuliza na hakujibiwa. Picha zenye tarehe zipigwe. Msiamini kwamba karani wa kampuni ataandika swali lenu kama mlivyoliuliza.

Fahamuni pia kiwango ambacho kanuni za tathmini za mwaka 2003 zilikiweka: mabango mahali pa wazi, tangazo gazetini kwa wiki mbili mfululizo, matangazo ya redio kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathiriwa. Mkutano mmoja hotelini mjini, wenye wageni waalikwa arobaini, haufikii kiwango hicho hata kidogo.

Kalenda ni silaha

Mradi una madirisha yake, na kila dirisha hufungwa siku maalumu. Chini ya sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999, NEMA ikipokea ripoti huitangaza katika Gazeti Rasmi na katika gazeti linalosomwa eneo hilo. Muda wa kutoa maoni hauzidi siku 60, na mara nyingi tangazo hutaja siku 30 tu. Leseni ikitolewa na hamkuridhika, mna siku 60 za kukata rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira. Uamuzi wa jopo nao hukatiwa rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ndani ya siku 30. Mtu mmoja katika kamati awe na kazi hii peke yake: kununua gazeti, kusoma kurasa za matangazo ambazo hakuna anayezisoma, na kuandika tarehe ukutani. Kanuni hubadilishwa, kwa hiyo siku hizo zithibitishwe na wakili mara tu tangazo likitoka.

Wapo wanaoona haya ni mambo ya makarani. Waangalie kaunti ya Prince William, Virginia. Desemba 2023 baraza la kaunti, baada ya kikao kilichopita saa 24, liliidhinisha ardhi ya zaidi ya ekari 2,000 itumike kwa vituo vya data, jirani na uwanja wa kihistoria wa vita wa Manassas. Wapinzani walikuwa wamezungumza usiku kucha na wakashindwa kwa kura. Agosti 2025 jaji alibatilisha idhini hiyo, na sababu haikuwa kelele wala historia ya uwanja ule: matangazo ya kikao hayakuchapishwa gazetini kwa namna na muda ambao sheria ilitaka. Upande wa mradi ulikata rufaa, jambo la kutarajiwa, lakini kilichoshindikana kwa hotuba za usiku mzima kilifanywa na mtu aliyehesabu siku za tangazo.

Na mnapotoa maoni, toeni kwa maandishi hata kama mmeyasema mkutanoni. Kila mtu aandike yake kwa maneno yake: kisima chake kina kina gani, ana ng'ombe wangapi, njia ya mifugo inapita wapi. Barua 200 zilizonakiliwa kutoka moja huhesabiwa kama moja. Barua 30 zenye visima 30 tofauti zinamlazimu mtaalamu ajibu visima 30.

Ardhi: msiuze kipande kipande

Kampuni hainunui kwa kijiji. Hununua kwa mtu mmoja mmoja, na huanza na mwenye shida. Mara nyingi hainunui hata, bali humlipa mwenye shamba fedha kidogo ili awe amefungwa kuiuzia kampuni hiyo peke yake kwa muda fulani, kwa bei iliyoandikwa leo. Ndani ya mkataba huo kuna kifungu cha kutosema. Ndugu wawili wa boma moja wanakuwa wamesaini, kila mmoja akimficha mwenzake. Asisaini mtu chochote chenye kifungu cha siri kabla hakijasomwa na wakili asiyelipwa na kampuni.

Ikiwa ni ardhi ya jamii, sheria ni kali zaidi kuliko wengi wanavyofikiri. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka makubaliano ya uwekezaji yaidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Kamati ya ardhi haiwezi kuwapa wawekezaji ardhi kwa sahihi za watu watano. Kama ardhi yenu ya jamii bado haijasajiliwa, basi hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya hata kutamka neno data, kwa maana ardhi isiyosajiliwa hushikwa na kaunti kwa niaba yenu, na hapo mnaanza mkiwa nyuma.

Wakiwaambia mtahamishwa kwa uzuri, ulizeni juu ya RAPland, makazi mapya ya watu waliohamishwa Olkaria. Familia zilizohamishwa kwa ajili ya mtambo wa Olkaria IV mwaka 2014 zilipewa nyumba na ardhi mpya, na bado hati miliki, barabara na hali ya ardhi yenyewe vikawa malalamiko yaliyofika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, mpaka usuluhishi ukafanywa. Hati kwanza, lori baadaye. Mpangilio huo usigeuzwe kwa ahadi yoyote.

Kamati, na pesa yake

Mtashindwa kutoka ndani kabla ya kushindwa kutoka nje, kama kamati haijawekwa sawa. Wengi hukimbilia kuchagua mwenyekiti mwenye sauti. Anayehitajika zaidi ni katibu mwenye mwandiko unaosomeka na mweka hazina asiyekwepa maswali. Wachungaji wa mifugo, wanawake wanaoteka maji na vijana wanaotafuta kazi wawe ndani kila kundi kwa sauti yake, kwa sababu kampuni itawaendea vijana kwanza, kwa ahadi ya ajira, na ikiwakuta nje ya kamati itawapata. Kisha kaeni mwamue mnataka nini hasa: mradi usijengwe kabisa, uhamishiwe mahali pengine, au ujengwe kwa masharti. Watu wa nia hizo tatu wanaweza kusafiri pamoja mpaka ripoti ipatikane. Zaidi ya hapo lazima muafikiane, ama sivyo siku kampuni itakapotoa kisima na bweni la shule mtagawanyika hadharani.

Mambo ya kujiepusha nayo:

- Mjumbe kukutana na kampuni peke yake. Wawe wawili au zaidi, na kumbukumbu isomwe kwa watu.
- Kupokea mchango usioandikwa. Shilingi mia ya mwanakijiji na laki ya mfadhili ziandikwe daftari moja.
- Kung'oa vigingi vya wapima ardhi au kuchoma chochote. Siku hiyo kesi inageuka kuwa yenu ya jinai, na swali la maji halitaulizwa tena.
- Kusema msilolijua. Ukisema kituo kitaleta saratani bila ushahidi, mtaalamu wa kampuni atakufuta, na atafuta pamoja nawe hoja ya kweli ya kisima.

Watakayowaambia

Mnapinga maendeleo. Jibu: tunauliza gharama ya maendeleo na nani anailipa. Kila anayesoma makala hii kwenye simu anatumia kituo cha data mahali fulani, na hakuna aibu kulikiri. Lakini kutumia huduma hakumlazimu mtu kutoa kisima chake bila kuulizwa. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaipa serikali wajibu wa kuwashirikisha wananchi katika kulinda mazingira; anayedai haki ya Katiba hapingi nchi yake.

Mtapata kazi. Ujenzi huajiri watu wengi, kwa miezi au miaka michache. Ukishakamilika, kituo kikubwa huendeshwa na makumi ya watu, au mamia machache, wengi wao mafundi waliosomea kazi hiyo. Hoja ya ajira isikataliwe, iandikwe: nafasi ngapi, za nani, kwa mafunzo gani, kuanzia lini. Ahadi ikikataa kuandikwa, mmeshajua thamani yake.

Kituo hiki hakitumii maji, kinapozwa kwa hewa. Hiki ndicho kipingamizi kigumu zaidi, na mara nyingine ni cha kweli. Kupoza kwa hewa hupunguza sana maji, lakini kwa kawaida huongeza umeme, na mzigo unahamia kwenye nyaya, mitambo ya kufua umeme na kelele za feni. Swali linabadilika, haliishi. Daini sharti la maji liwekwe ndani ya leseni yenyewe, kwa namba, ili mfumo usibadilishwe kimyakimya baada ya miaka mitatu.

Serikali imeshaamua. Uamuzi uliotangazwa jukwaani si leseni. Mpaka leseni ya mazingira, kibali cha maji na idhini ya ardhi vitolewe kihalali, kinachokuwepo ni nia.

Mkikataa, watajenga jirani. Inawezekana kabisa, na ni vizuri kulijua mapema. Tucson, Arizona, baraza la mji lilikataa kwa kura zote mradi ulioitwa Project Blue mnamo Agosti 6, 2025. Wenye mradi hawakufunga mizigo. Walibadilisha mfumo wa kupoza na kuendelea nje ya mipaka ya mji, wakielekea kwa wasimamizi wa umeme. Kwa hiyo siku mnapounda kamati, tumeni watu wawili vijiji vya jirani, na ofisi ya umeme isiachwe bila barua.

Ikifika mahakamani

Mfano wetu uko hapahapa pwani. Septemba 2016 NEMA ilitoa leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Lamu. Wakazi chini ya Save Lamu walikata rufaa mwaka huohuo, na Juni 26, 2019 jopo likaifuta leseni. Soma sababu zake: ushirikishwaji wa watu haukufanywa ipasavyo. Mikutano ya awali ilikuwa ya kuutambulisha mradi, kabla ya athari zake kupimwa. Utafiti ulipokamilika, watu hawakurudishiwa matokeo ili wayajadili. Kujulishwa na kushirikishwa ni vitu viwili, na jopo lilivitenganisha. Mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi iliunga mkono uamuzi huo. Makaa ya mawe ni kitu kingine na kompyuta ni kitu kingine, lakini mlango wa sheria ni mmoja.

Jipangeni kwa muda huo: karibu miaka mitatu kwa hatua ya kwanza, tisa mpaka rufaa iliyofuata kuamuliwa. Msidhani kwamba kufungua rufaa kunasimamisha matingatinga. Amri ya kusimamisha kazi iombwe waziwazi, siku ileile ya kufungua. Anayeambiwa hana haki ya kushtaki kwa kuwa hajadhurika bado, aonyeshe kifungu cha 70 cha Katiba: katika kudai mazingira safi, mlalamikaji halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au madhara.

Kwa msomaji wa Tanzania

Majina ya ofisi yanabadilika, kazi ni ileile. Tathmini inapitia taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira chini ya sheria ya mazingira ya 2004. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na Mkutano Mkuu wa Kijiji una sauti ambayo mwenyekiti na mtendaji hawana peke yao. Ombeni muhtasari wa mkutano unaodaiwa kuidhinisha, na mhakiki mahudhurio yake jina kwa jina. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 30 za kujibu.

Wiki hii

Msiitishe mkutano mkubwa bado. Mtumeni mtu mmoja katika ofisi ya NEMA ya kaunti yenu, akiwa na barua nakala mbili, aulize mambo mawili tu: je, kuna ripoti iliyowasilishwa juu ya ardhi hii, na siku ya mwisho ya maoni ni lini? Asirudi nyumbani bila mhuri kwenye nakala yenu.